Nyota za Chumba cha Mashine

Chumba cha kusafishia damu kilikuwa na viti sita vya kulalia, na kila kiti kilikuwa na mashine yake. Wagonjwa wa zamu ya asubuhi walikuja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Walipimwa uzito, wakanawa mikono, wakaketi. Muuguzi aliwachoma sindano mbili kwenye mkono mmoja, moja ya kutoa damu na nyingine ya kuirudisha, na kuanzia hapo mkono ule haukuwa wao tena kwa saa nne. Hawakuruhusiwa kuukunja wala kuuinua. Mkono uliobaki ndio waliojikunia, wakashikia simu na kuvutia shuka.

Kiti cha nne alikaa mama mmoja ambaye wote walimwita Katibu. Alikuwa amefanya kazi ya ukatibu muhtasi kwa miaka thelathini na minne katika kampuni moja ya bima, chini ya mameneja saba, na kwa maelezo yake mwenyewe watano kati yao yeye ndiye aliyewafundisha kuandika barua. Alikuwa na miaka sitini na miwili, mjane, mama wa binti mmoja. Mshipa wake wa kuchomea sindano za mashine ulitengenezwa kwanza mkono wa kushoto, kama inavyofanywa kwa watu wengi. Ukaziba. Wakamtengenezea mwingine kulia. Basi kwa saa nne alibaki na mkono wa kushoto, ambao nje ya taipureta haukuwahi kupewa kazi ya maana.

Kushoto kwake, kiti cha tano, alikaa Fundi. Huyu alikuwa fundi viatu, mtu wa miaka hamsini na minane, mwenye kibanda nyuma ya stendi na vidole vilivyokuwa vyeusi kwa rangi ya viatu hata baada ya kunawa mara mbili. Yeye mkono wake wa mashine ulikuwa wa kushoto. Wa kulia, ulioelekea kwa Katibu, ulikuwa huru.

Walikuwa wamekaa jirani kwa miezi kumi na minne, na walijuana kama wanavyojuana watu waliotenganishwa na ukuta mmoja. Waliamkiana. Waliulizana presha ya siku ile ilikuwa ngapi. Katibu alijua kwamba Fundi anakoroma. Fundi alijua kwamba Katibu hapendi kuulizwa jambo mara mbili. Mengine kila mtu alibaki nayo.

Katikati ya Novemba, Sista aliyewahudumia aliingia na boksi la karatasi ngumu. Alieleza kwamba kila idara ya hospitali ilikuwa imeagizwa kupamba mti wake wa Krismasi. Mti wao ulikuwepo, wa plastiki, umelala stoo miaka mitatu. Mapambo yake ya vioo yalivunjika yote siku ya kuhamia jengo jipya, boksi lilipoangushwa ngazini na mtu ambaye hadi leo hajajitaja. Sasa yalitakiwa mapambo mengine, na Sista Mkuu alikuwa ameweka masharti: kisitumike kitu kinachoshika vumbi, pamba isiingie, vile vya kumetameta vinavyopukutika visiingie, majani na matawi halisi marufuku, na mgonjwa yeyote asishike sindano wala kisu karibu na mipira ya kupitishia damu. Kila pambo lazima liweze kufutwa kwa dawa.

Ukiondoa yote hayo, palibaki karatasi ngumu, plastiki na uzi.

"Nataka nyota arobaini kabla ya tarehe kumi na tano Desemba," Sista alisema. "Atakayeweza afanye, asiyeweza asijitese."

Dereva, aliyekaa kiti cha pili, alisema yeye ameshafungwa kwenye mashine na hiyo inatosha kuwa pambo, akajifunika shuka hadi kichwani. Wengine wakacheka, wakarudi kwenye simu zao. Katibu alikubali kwa sababu tangu aanze kazi hakuna aliyewahi kumletea shughuli akamjibu hapana. Fundi alikubali kwa sababu alikuwa amechoka kutazama dari.

Nyota yenyewe haikuwa na maajabu. Sista alikata pembetatu mbili zilizolingana kutoka kwenye maboksi ya bandeji. Moja uliisimamisha, ya pili uliipindua na kuilaza juu yake, ukapata ncha sita. Kisha ulizungusha uzi kwenye pembe za ndani hadi zikazane, ukamalizia kwa fundo na kitanzi cha kuning'inizia. Fundi alitazama mfano ule akasema hiyo ni kazi ya watoto wa chekechea. Halafu akajaribu.

Kwa mkono mmoja, pembetatu ya chini ilitembea kila alipogusa ya juu. Alipoibana kwa kidole gumba, hakubaki na kidole cha kuvutia uzi. Alipoushika uzi, nyota iliruka ikaanguka sakafuni, na Sista akalazimika kuiokota, kuitupa na kuleta nyingine, kwa kuwa kilichoanguka sakafuni hakirudi mezani. Katibu, upande wake, hakuwa amefika hata kwenye uzi. Nyota tatu zilikwenda kwenye ndoo ya taka kwa mtindo huo.

Ndipo Katibu akamwomba Sista asogeze ile meza ya magurudumu iliyokuwa baina yao. Aliweka pembetatu mbili katikati, akazikandamiza kwa mkono wake wa kushoto, akamwambia Fundi azungushe uzi. Fundi akazungusha. Mpaka hapo mambo yalikwenda sawa. Kilichowashinda ni fundo.

Fundo ni jambo ambalo mtu hulifanya maisha yake yote bila kulifikiria, na mikono yake miwili haijawahi kuulizana. Hii ilikuwa mikono ya watu wawili. Fundi alipitisha ncha chini wakati Katibu naye ameipitisha chini. Katibu alivuta kabla Fundi hajashika. Uzi ulikuwa ukisokotana na kufumuka, na Katibu akaanza kutoa amri kama alivyokuwa akiwaamuru matarishi wa ofisini: vuta, legeza, subiri, si hapo. Fundi, ambaye hakuwahi kuwa na bosi, alimwambia polepole kwamba uzi haupokei barua. Fundo la kwanza liliwachukua dakika ishirini na tano, na lilikuwa kubwa kama punje ya hindi.

Dereva alikuwa ametoa uso kwenye shuka kuwaangalia.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema. "Ninyi mna vidole kumi, na chawa bado anawatesa."

Siku ile walimaliza nyota mbili. Jumatano walimaliza tatu. Ijumaa Fundi alikuja na mfuko wenye vipande vya ngozi laini vilivyobaki kwenye kazi zake, alivyovikata pembetatu nyumbani na kuvitoboa matundu pembeni kwa msharasi, ile sindano nene ya mafundi viatu. Ncha za nyuzi alikuwa amezikaza kwa nta zisihitaji sindano. Sista Mkuu alikichukua kipande kimoja, akakinusa, akakifuta kwa dawa pande zote mbili, akasema kipite. Kuanzia hapo Katibu alisukuma ncha ya uzi kwenye tundu na Fundi akaivuta upande wa pili, na hawakuhitaji tena kusemezana. Fundi alihesabu kwa kutikisa kichwa kidogo tu, na Katibu akajifunza kusubiri hadi kichwa kile kishuke.

Dereva akaanza kumwita Katibu shemeji. Katibu alimjibu kwamba hana ndugu mwenye leseni ya kuendesha lori, na kama anataka undugu alete kwanza mahari ya adabu. Mke wa Fundi alipofika saa sita kumchukua mumewe na kusikia habari hizo, alisema anamshukuru sana huyo mke mwenza, maana yeye kwa miaka thelathini ameshindwa kumfanya mtu huyu asaidie kufunga hata mfuko wa taka.

Katika kazi ile ya mkono kwa mkono, mazungumzo yalikuja yenyewe. Katibu alisimulia meneja wake wa tatu, aliyelia kila mwisho wa mwezi. Fundi alisimulia watu walioleta viatu vikashonwa na hawakurudi tena kuvichukua. Alikuwa na rafu nzima ya viatu vya namna hiyo, vingine vya harusi. Walizungumzia maji. Mtu asiye na figo huruhusiwa kunywa kidogo tu kwa siku, na wote wawili walikiri kwamba usingizini huota wanakunywa. Hawakuzungumzia watoto.

Ijumaa ya mwisho ya Novemba nyota zilikuwa kumi na tisa. Siku hiyo, saa nne hivi asubuhi, Sista alikuja akasimama miguuni pa Katibu. Alisema binti wa Katibu, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la nje kama kawaida, ameomba tena fomu za kupimwa. Daktari anataka kulisikia jibu kwa Katibu mwenyewe.

"Mwambie ni lile lile," Katibu alisema.

Sista akaenda. Fundi alikuwa ameshika uzi katikati ya tundu. Aliuliza fomu za nini, na Katibu, kwa sababu alikuwa amekwisha kumzoea, akamweleza. Binti yake alitaka kumpa figo moja. Damu zao zilikuwa aina moja. Alikuwa akiomba apimwe kwa mwaka wa pili sasa, na mama yake alikuwa akikataa kwa mwaka wa pili. Binti alikuwa na miaka thelathini na mmoja na hajapata mtoto bado. Katibu alisema yeye hawezi kumzaa mtu kisha akamrudia kumla vipandevipande.

Palikuwa na jambo ambalo Katibu hakulijua. Fundi alikuwa na watoto wanne, wakubwa wote, wazima wote. Mkewe alipimwa kwanza, damu ikakataa. Miaka mitatu iliyopita Fundi aliwaita watoto nyumbani, akawaeleza, akawaomba. Mkubwa alisema atafikiria. Bado alikuwa akifikiria. Wawili waliofuata walihama mji mwaka uleule, kila mmoja kwa sababu yake. Wa mwisho alikuwa akituma salamu.

Hayo yote hakuyasema. Alisema jambo moja tu.

"Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Wewe Katibu unaringa."

Katibu aliondoa mkono wake mezani, akauweka tumboni juu ya shuka. Pembetatu zikateleza, nyota ikaanguka sakafuni, na hakuna aliyemwita Sista aje kuiokota. Zilikuwa zimebaki saa mbili za mashine. Walizimaliza wote wawili wakitazama dari.

Wiki iliyofuata walikuja, wakapimwa uzito, wakaketi. Waliamkiana kwa sababu kutoamkiana kungehitaji maelezo. Fundi alijaribu kuendelea na nyota peke yake kwa kushikilia uzi kwa meno. Sista alimwona kutoka mezani kwake akamkataza, akisema mdomo una wadudu kuliko sakafu. Dereva hakutania. Jumatatu ikapita hivyo, na Jumatano.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi zaidi. Katibu na binti yake waliishi katika vyumba vitatu ghorofa ya pili, na binti alikuwa mtu wa maneno machache. Asubuhi alimpimia mama yake maji kwenye kikombe chenye alama, akaondoa chumvi mezani, akampeleka hospitali, akamsubiri, akaenda kazini mchana na kurudi jioni. Kila mara daktari alipomletea jibu la hapana, alikunja fomu akaiweka kwenye mkoba, na usiku akapika kama siku nyingine. Katibu alikuwa ameyachukulia hayo kuwa ni kukubali.

Ijumaa, mashine zilipokwisha kuwashwa na Sista kuondoka, Katibu aliivuta meza karibu kwa mkono wake, akaweka pembetatu mbili za ngozi katikati na kuzikandamiza.

"Shika uzi," alisema.

Fundi akashika. Walishona tundu la kwanza na la pili. Kisha Katibu akamuuliza kwa nini alimwambia vile. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kuandika jambo sawasawa. Ndipo Fundi akamsimulia ile siku ya watoto wanne. Alisema sebule ilivyokuwa, nani alikaa wapi, na jinsi yule wa mwisho alivyokuwa akichezea kamba ya kiatu ambacho yeye baba yake ndiye aliyekishona. Hakuwalaumu. Alisema kila mtu na mwili wake.

"Kunyimwa hakuumi sana," alisema. "Kinachouma ni kule kuomba. Unabaki umesimama, mkono mbele, na kila mtu anatazama pembeni. Mimi nimeomba mara moja tu, na mpaka leo nikikumbuka naona haya."

Katibu alisukuma ncha ya uzi. Fundi hakuivuta.

"Wako anaomba kwa mwaka wa pili," Fundi alisema. "Wewe unadhani unamkinga. Lakini hapo anayeomba ni yeye, na anayenyima ni wewe."

Katibu alimwambia avute, na Fundi akavuta. Nyota ile ilikuwa na mshono uliopinda upande mmoja, na waliiacha hivyo. Walimaliza nne siku ile bila kuongea kitu kingine cha maana. Alipoondolewa sindano, Katibu alikaa kwenye kiti muda mrefu kuliko kawaida, akibonyeza shashi kwenye mkono hadi damu ikakauka. Sista alimuuliza kama anasikia kizunguzungu. Alisema hapana.

Binti alikuwa kwenye benchi la nje, mkoba mapajani. Katibu alikaa kando yake. Alikuwa amepanga maneno mengi tangu ndani, ya utangulizi na ya masharti, kama barua ya kurasa mbili. Alipofika hakuyakuta.

"Nenda kapime," alisema.

Binti alimtazama. Aliuliza ni siku gani, na kama inabidi aje bila kula. Katibu alisema hajui, waulize. Binti akainuka kwenda kwa daktari, akafika katikati ya ukumbi, akasimama pale ameelekea ukutani, mabega yakitikisika. Watu walimpita pande zote mbili. Katibu alimwona na hakwenda. Alijua kwamba angekwenda, wangelia wote wawili, na miadi isingechukuliwa siku ile.

Vipimo vilichukua wiki nyingi. Damu, mkojo, moyo, picha, daktari wa akili aliyemuuliza binti mara tatu kwa njia tatu tofauti kama analazimishwa. Katibu alipenda swali hilo. Alimuuliza binti amejibu nini, na binti akasema amemjibu kwamba kama kuna aliyelazimishwa, ni mama.

Tarehe kumi na tano Desemba nyota zilikuwa thelathini na moja. Arobaini haikufikiwa, na Katibu alimwandikia Sista Mkuu kikaratasi, kwa mkono wake wa kushoto na kwa herufi zilizoyumba, kueleza kwamba upungufu umetokana na siku mbili za kazi zilizopotea kwa sababu zilizo nje ya uwezo wa wahusika. Sista Mkuu alikibandika kwenye ubao wa matangazo. Mti ulisimamishwa mapokezi, ukafutwa vumbi, nyota zikatundikwa, za karatasi chini na za ngozi juu. Ulikuwa mti mzuri kiasi. Tatizo lilikuwa kwamba kutoka kwenye viti sita haukuonekana. Mtu aliyelala kwenye mashine aliweza kuona mlango tu na nusu ya saa ya ukutani. Dereva alisema hiyo ndiyo dunia, mwenye kushona hatembei na kiatu. Sista alirudi mapokezi, akachomoa nyota sita, akatundika moja kwenye nguzo ya kila mashine. Ile iliyopinda ilimwangukia Dereva, akalalamika hadi wakati wa kutoka.

Januari mti ulirudi stoo. Februari majibu ya binti yalitoka yote, na yote yalikuwa mazuri. Upasuaji ukapangwa wiki ya pili ya Machi, Jumatano, katika jengo la ng'ambo ya ua.

Jumatatu yake Katibu alikaa kwenye kiti cha nne kwa mara ambayo ilitarajiwa kuwa ya mwisho. Hakuna aliyetoa hotuba. Dereva alimwambia shemeji asiwaangushe. Fundi alimuuliza kama anaogopa, na Katibu alisema kwa upande wake haogopi hata kidogo, lakini kwa upande wa mtoto hajalala siku nne. Alisema usiku uliopita aliamka akamkuta binti amelala fofofo, mdomo wazi, kama alivyokuwa akilala alipokuwa darasa la pili. Alisimama mlangoni akamtazama. Halafu akarudi kitandani, na kwa mara ya kwanza hakufikiria namna ya kubadilisha mawazo.

"Ukiamka," Fundi alisema, "usianze kumuomba msamaha. Mwambie asante tu. Mimi ningetaka kupata mtu wa kumwambia."

Katibu alisema ameelewa.

Jumatano Fundi aliletwa na mkewe kama kawaida. Kiti cha nne kilikuwa na mgonjwa mpya, kijana wa benki ambaye bado aliogopa kutazama mipira ya damu, na Fundi alimweleza kwamba atazoea, na kwamba sindano ya pili huwa haiumi kama ya kwanza. Saa tatu Sista alipita akasema Katibu na binti wameingia upasuaji wote wawili. Saa tano alipita tena akasema binti ametoka, yuko salama, ameshauliza habari za mama yake. Fundi aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amebakiza saa moja kwenye mashine.

Saa tano na nusu simu ya mezani ililia. Sista aliisikiliza amesimama, akiandika kitu kwenye ukingo wa daftari, kisha akaja hadi kiti cha tano na kuinama. Alisema figo imeunganishwa, na haikungoja hata mshono umalizike. Imeanza kutoa mkojo mezani palepale, daktari amecheka.

Fundi alimuuliza kama ni mwingi. Sista akasema mwingi.

"Basi leo atakunywa maji," Fundi alisema.

Alivuta shuka hadi kifuani kwa mkono wake wa kulia, akafumba macho. Muda mfupi baadaye alianza kukoroma, na yule kijana wa benki akamtazama kwa mashaka, asijue kama ni jambo la kumwita muuguzi.